Tangi la lita 60, nianze na nini?

Mgeni wa tangi: Wakuu, nimepewa tangi la kioo la lita 60, tupu. Nataka liwe juu ya kabati la vitabu, dirishani. Naweza kuweka samaki wa dhahabu wangapi?

Baba Gapi: Dirishani hapana, jua litakufugia mwani. Na kabati lenyewe lichunguze: maji peke yake ni kilo 60, bado kioo na changarawe. Langu la kwanza nililiweka kwenye meza ya mbao laini. Siku moja nikaona maji yamelala upande, kama chai kwenye kikombe kilichoinamishwa. Nilihamisha maji kwa ndoo mpaka usiku wa manane!

Chujio: Samaki wa dhahabu wasahau, wanakua wakubwa mno kwa lita 60. Weka filta (kifaa cha kuchuja maji), iache ifanye kazi wiki 4 hadi 6 huku ukidondosha chakula kidogo kila siku. Kikioza kinatoa amonia, ndiyo inayolisha bakteria wa kusafisha maji. Amonia na naitraiti (sumu itokanayo na amonia) zikisoma sifuri kwenye kipimo, leta gapi (samaki wadogo) wachache. Sponji ya filta usiioshe kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria wako. Isuuze kwa maji ya tangi.

Mgeni wa tangi: Wiki 6? Mwanangu atanihama!

Baba Gapi: Mpe kazi ya kupima. Wangu alikuwa anasubiri kichupa cha kupimia amonia kitoke kijani kirudi njano, akipiga makofi.