Misa ya Kilatini: ukimkatalia Papa kwa jina la Mapokeo, nani anaamua Mapokeo ni yapi?

Mleta mada
Tumsifu Yesu Kristo, wadau. Siku hizi sikosi kukutana mtandaoni na kijana Mkatoliki anayedai Misa yetu ya Kiswahili ni ya Kiprotestanti na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa 1962 hadi 1965, ndio ulioliharibu Kanisa. Kupokea Komunyo kwa magoti sina ugomvi nako. Kilatini pia. Ugomvi wangu ni mamlaka.

Kwa asiyefuatilia: 2007 Papa Benedikto XVI aliruhusu mapadre kuadhimisha Misa kwa misale ya 1962, yaani kitabu cha ile Misa ya zamani ya Kilatini. Julai 16, 2021 Papa Fransisko akaibana ruhusa hiyo kwa hati Traditionis Custodes. Askofu ndiye aamue, makundi hayo yasitumie makanisa ya parokia, na padre aliyepewa daraja baada ya hapo asubiri mpaka askofu awasiliane na Roma. Alisema ruhusa ile ilikuwa inatumika kuukataa Mtaguso.

Hapo wapenzi wa Misa hiyo, watu wale wale waliozoea kusema Roma ikishasema mambo yamekwisha, wakageuka. Wanamtaja Papa Pio V, kwamba 1570 aliruhusu misale yake itumike milele. Mbona iliguswa? Pio XII aligeuza ibada za Juma Kuu 1955. Yohane XXIII akaingiza jina la Mtakatifu Yosefu ndani ya Kanuni ya Misa, sala kuu ya Ekaristi, 1962, mahali ambapo wengi waliamini hapaguswi kabisa. Papa mmoja akiweza, mwingine anazuiwa na nini?

Mtumishi wa Altare
Mkuu, umechagua wa kupigana naye, yule mwepesi. Usome Mtaguso wenyewe. Sacrosanctum Concilium, hati yake ya liturujia iliyopita kwa kura 2,147 dhidi ya 4, inasema ibara ya 36 Kilatini kidumishwe, na ya 116 inaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza. Parokiani kwenu mmeuimba lini?

Kwetu kwaya ina kinanda na spika za kutosha harusi mbili. Watu wakitoka kupokea, badala ya kimya, tunasomewa jumuiya ambazo hazijamaliza mchango wa uzio, jina kwa jina, na deni lake. Ukitafuta mahali pa kusali kwa utulivu unaitwa mpinga Papa. Benedikto aliwaandikia maaskofu 2007 kwamba kilichokuwa kitakatifu kwa waliotutangulia hakiwezi ghafla kupigwa marufuku kabisa. Naye alikuwa Papa.

Mzee wa Kigango
Wanangu, hiyo Misa nimeitumikia. Katekista alitukaririsha: padre akisema Introibo ad altare Dei, sisi tunarudisha Ad Deum qui laetificat juventutem meam. Maana yake hatukuijua. Mwenzangu mmoja alipenda kuivuta ile "meam" hadi padre anamkata jicho. Nyuma yetu bibi zetu walisali rozari mwanzo mwisho, kengele ikilia wanainama. Imani walikuwa nayo kutuzidi sisi, sitaki asiyewajua awaseme.

Lakini mageuzo, yale maneno ya kugeuza mkate na divai, yalisemwa kwa sauti ya chini, padre akiwa ameelekea altare. Siku ya kwanza tuliposikia kwa Kiswahili, kwa sauti, "Huu ndio mwili wangu", mama yangu aliinua kichwa na rozari ikabaki mkononi bila kusogea. Hayo ndiyo niliyoyaona.

Mchokozi
Shikamoo mzee. Mimi namrudia mleta mada. Desemba 2023 Roma ilipotoa Fiducia Supplicans, kuhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, maaskofu wa Afrika walisema kwetu hapana. Ulishangilia. Utiifu wako nao una mipaka, sivyo?

Mleta mada
Angalia ilivyofanyika. Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kiongozi wa maaskofu wa Afrika, alikwenda Roma, akakaa na wahusika, na tamko lao la Januari 11, 2024 likatoka Papa akiwa amelikubali. Linganisha na Askofu Mkuu Lefebvre, kiongozi wa walioyakataa mageuzi ya Mtaguso, ambaye si mgeni Afrika: alikuwa Askofu Mkuu wa Dakar na mjumbe wa Papa kwa Afrika ya Kifaransa. Mei 5, 1988 alitia saini makubaliano na Roma, kesho yake akayageuka. Juni 30 akawaweka wakfu maaskofu wanne huku Yohane Paulo II amemkataza. Wa kwanza alipeleka hoja akasubiri jibu. Wa pili jibu alikuwa nalo na akalipita.

Mtumishi, kuhusu hayo matangazo baada ya Komunyo nipo upande wako kabisa, hata kama uzio hautaisha. Ila hujagusa swali langu. Umeomba Misa ya 1962, askofu wako kasema hapana. Jumapili hiyo unasali wapi?

Mtumishi wa Altare
Parokiani kwangu. Kwa wale wa Lefebvre siendi, na najua wenzangu wanaokwenda wataniita mwoga. Lakini barua ya pili nitaandika. Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa inampa mwamini haki ya kuwaeleza wachungaji mahitaji yake ya kiroho, na ukisema ni utovu wa utii nitakuuliza hiyo kanuni iliwekwa ya nini.