"Foible", "quirk", "failing" au "vice": lipi liingie kwenye tathmini ya mfanyakazi?

TafsiriKirumba
Wakuu, habari za jioni. Nina fomu za tathmini za wafanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, zinatakiwa Kiingereza kwa ajili ya wenye hisa walio nje. Wasimamizi wameandika kama wanavyoongea: "ana vijitabia vyake", "ana udhaifu kidogo", "ana vituko ila kazi anaiweza". Kamusi inanimwagia maneno na karibu yote inayapa maana moja. Watu wanaonisumbua ni watatu: mpima uzito anayehesabu kreti mara tatu hata mizani ikishaonyesha, msimamizi wa zamu anayependa kusifiwa, na fundi wa majokofu anayechelewa kila Jumatatu. Neno gani nimpe nani, na lipi likikosewa litamharibia mtu kazi?

MwalimuIlemela
Anza kwa kuuliza tabia hiyo inamuumiza nani.

Kama haimuumizi mtu, ni "quirk". Hilo si udhaifu hata kidogo, ni kijitabia cha pekee, pengine cha kuchekesha. Mpima uzito wako yumo humo, mradi lori halimsubiri. Lori likianza kuchelewa kwa sababu yake, umeshatoka kwenye "quirk" umeingia kwenye "failing".

"Foible" ni udhaifu wa kweli lakini mdogo, na anayelitaja ameshausamehe. Limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, maana yake dhaifu. Kwenye mchezo wa upanga, "foible" ni nusu ya upanga kuelekea ncha, inayosukumwa kirahisi. Nusu iliyo karibu na mpini, ile yenye nguvu, ndiyo "forte", neno ambalo Waingereza hulitumia pia kwa jambo mtu analoliweza sana. Msimamizi kupenda sifa ni "foible". Akisifiwa kisha akapitisha minofu iliyolegea, hiyo ni "failing". Akipewa chochote ili aipitishe, toka kabisa kwenye maneno haya: ni rushwa, na iandikwe kwa jina lake.

"Failing" lina lawama ndani yake: kuna kiwango alichotarajiwa kukifikia, hakukifikia. "Shortcomings" ni jirani yake, mara nyingi huja kwa wingi, na linasikika la kiofisi zaidi. Fundi wa majokofu usimtafutie nomino yoyote. Andika "often late on Mondays", basi. Msomaji ataamua mwenyewe.

"Vice" usiliguse. Linabeba uovu wa kimaadili: ulevi, kamari, uzinzi. Ukimwandikia mtu anayechelewa kazini, umemchafua.

Mhariri_Nyegezi
Naongezea yaliyobaki, maana mitego mikubwa iko huko.

"Frailty" ndilo hatari kuliko linavyoonekana. Kwenye maandishi ya dini na fasihi ni udhaifu wa binadamu wote mbele ya vishawishi. Kwenye fomu ya kazi msomaji atafikiria mwili: mzee aliyeishiwa nguvu, au mgonjwa. Mtu wa kubeba kreti akiandikiwa hivyo, swali la kwanza litakuwa kama afya yake inaruhusu.

"Idiosyncrasy" ni kama "quirk" iliyovaa suti: tabia ya mtu mmoja huyo tu, bila kicheko. Madaktari nao wanalo, kwa mwili unaoipokea dawa tofauti na miili ya wengine. Tahajia inaishia na "-sy". Wengi huandika "-cy" kwa kufuata "democracy", lakini mzizi si mmoja: hapa ni neno la Kigiriki lenye maana ya mchanganyiko, kule ni lenye maana ya utawala. "Eccentricity" ni kubwa zaidi, mtu ambaye mwenendo wake mzima uko pembeni ya kawaida. Kuhesabu kreti peke yake hakufikii huko.

"Peccadillo" achana nalo. Ni kosa dogo lililotendwa, si tabia, na magazetini mara nyingi linanusa mambo ya faragha ya chumbani.

Halafu angalia kihusishi baada ya "weakness". "A weakness in record keeping" ni kwamba hajui vizuri kutunza kumbukumbu. "A weakness for beer" ni kwamba anaipenda mno. Sasa mtu asiyejua kujaza daftari la fedha, wewe ukaandika "a weakness for cash"! Umemwita mpenda pesa, na ukaguzi utaanzia kwake.

Kuhusu "vituko", mimi nisingetafsiri kabla ya kumpigia aliyeandika. Kwetu kituko ni kichekesho, na kituko ni ugomvi wa kurushiana mabeseni pale mwaloni. Muulize mtu huyo alifanya nini, uandike hicho.

DagaaMkavu
Napingana kidogo na Mwalimu kuhusu "foible". Maana ameipatia, ila mahali pake ni wasifu wa marehemu au hotuba ya kumuaga mstaafu. Kwenye fomu linaleta tabasamu ambalo hakuna aliyeliomba. Msimamizi mwandikie "responds too readily to praise", halafu useme kama ubora wa minofu umeathirika au la.

TafsiriKirumba
Asanteni sana. Mpima uzito naweza kuandika "careful to a fault"? Neno "fault" linanitia wasiwasi.

Mhariri_Nyegezi
Andika bila hofu. "To a fault" ni sifa: uangalifu wake umepita kiasi, lakini ni uangalifu. Linakubali tabia njema tu mbele yake, kama "generous" au "honest". Ukiweka "late to a fault" sentensi imekufa. Na kama kweli anachelewesha lori, ongeza sentensi ya pili yenye dakika, uzitoe kwenye daftari la getini, siyo kwenye maneno ya dereva.