Pikipiki ya injekta: staata inazungusha, pampu inalia, lakini haiwaki

Kijiwe_Kibaha

Wakuu, naomba msaada kwa wanaoujua mfumo wa injekta (unaonyunyiza petroli kwa umeme badala ya kabureta). Pikipiki ni ya 150cc, silinda moja, imetembea kama kilomita 38,000. Staata inazungusha kwa nguvu ila haikohoi hata kidogo. Ukifungua swichi, taa ya injini inawaka kisha inazima yenyewe, na pampu inasikika "zzzz" sekunde 3 hivi halafu inanyamaza. Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12.6. Plagi ni mpya.

Kabla ya kugoma ilikuwa inakosa nguvu kwenye mlima, na asubuhi inawaka kwa kubembelezwa. Siku iliyogoma tangi lilikuwa karibu kukauka, yakawekwa mafuta ya chupa, yale ya kando ya barabara. Fundi wa hapa anasema kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa, tununue nyingine. Bei yake si mchezo. Nianze kupima wapi kabla ya kutoa hela?

Spana_Kumi

Boksi liache kwanza. Lingekuwa limekufa kabisa, pampu isingejaza sekunde 3 na kukata, wala taa isingezima yenyewe. Kazi zote mbili zinaamriwa na boksi hilo hilo. Boksi ndiyo kifaa kinacholaumiwa sana na kuharibika mara chache.

Pili, pampu kulia haina maana kwamba mafuta yanafika. Mlio unakwambia mota inazunguka, basi. Hausemi lolote kuhusu presha.

Piga staata sekunde 5 mpaka 7 bila kugusa mkono wa mafuta, kisha fungua plagi palepale. Ikitoka imelowa na inanuka petroli, mafuta yanaingia, kwa hiyo tafuta cheche. Ikitoka kavu kama ilivyotoka dukani, tafuta mafuta. (Kama imelowa chapachapa, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho na upige staata sekunde 5. Pikipiki nyingi za injekta hukata mafuta mkono ukiwa umefunguliwa wote, injini ikajikausha.)

Cheche: chomeka plagi kwenye kofia yake, chuma chake kishike vizuri kwenye kichwa cha injini, mbali na tundu la plagi, maana mvuke unaotoka pale unashika moto. Cheche iwe ya bluu na isikike ikipasuka. Ile nyekundu nyembamba haitoshi. Na tafadhali, msipige staata kofia ikining'inia hewani kama tulivyozoea kwenye kabureta. Umeme wa koili ukikosa njia unaweza kuua koili au boksi lenyewe, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli.

Cheche ikiwepo na plagi ni kavu, vuta petroli safi mililita 2 kwa bomba la sindano, ingiza kwenye mdomo wa throtali baada ya filta ya hewa. Rudisha mpira wa hewa, ondoa chupa ya petroli karibu, piga staata. Ikiwaka sekunde moja mbili ikafa, basi cheche, taimingi na kompresheni vyote vinatosha, na tatizo lako liko kati ya tangi na ncha ya injekta. Usizidishe dozi. Petroli nyingi inaosha oili kwenye ukuta wa silinda, kompresheni inashuka, unakuwa umejitengenezea ugonjwa wa pili.

Waya_Mwekundu

Niongeze upande wa umeme. 12.6 ya betri iliyotulia haitoshi kusema betri ni nzima. Weka mita kwenye nguzo za betri halafu piga staata. Ikishuka chini ya volti 10, chaji au badilisha betri kabla ya kupima kitu kingine. Staata inaweza kuzungusha vizuri tu huku boksi linazimika kwa kukosa volti. Dalili yake unaisikia: ukiachia batani ya staata, pampu inajaza upya kana kwamba ndiyo kwanza umefungua swichi. Hilo ni boksi limezimika na kuamka. Kwa sababu hiyo hiyo, pikipiki ya injekta yenye betri iliyokufa usitegemee kuiwasha kwa kuisukuma, maana boksi na pampu vyote vinakula umeme kabla injini haijazaa wake.

Ukikosa cheche na mafuta kwa pamoja, usibadilishe koili. Angalia vitu viwili. Kwanza sensa ya kuanguka: kama pikipiki ililala chini, sensa imekata, na kwa nyingi mpaka ufunge swichi na kuifungua tena ndipo iachie. Ikiwa iliwahi kufunguliwa, hakikisha haikurudishwa kichwa chini, kwa kawaida ina alama ya kuonyesha upande wa juu. Kisha sensa ya krenki, iliyo upande wa magneti. Chomoa soketi yake, weka mita kwenye volti za AC, piga staata. Mita ikikaa sifuri bila kucheza, sensa au waya wake umekwisha. Hii ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu kwenye pikipiki kadhaa sensa hii ikifa taa ya injini haisemi kitu. Boksi linaona tu injini haizunguki.

Injekta nayo ina waya mbili. Mmoja upate volti za betri swichi ikiwa wazi, wa pili boksi linaugusisha kwenye hasi kwa mapigo. Pima mapigo kwa taa ndogo ya LED yenye rezista ya 1k. Usitumie balbu ya indiketa, inavuta ampea nyingi na inaweza kuchoma boksi. Ukinzani wa injekta za pikipiki ndogo nyingi ni kati ya omu 9 na 15.

Kijiwe_Kibaha

Asanteni. Matokeo: betri wakati wa staata ni volti 10.9, na pampu haijazi upya nikiachia. Cheche ya bluu, ina nguvu. Plagi inatoka kavu kabisa. Kwa mililita 2 imewaka, imenguruma kama sekunde mbili, ikazima. LED kwenye soketi ya injekta inapiga mapigo. Injekta ni omu 11.8. Nimechomoa mpira wa mafuta kwenye injekta nikaelekeza kwenye chupa: swichi ikifunguliwa yanatoka kidogokidogo, kama bomba la maji siku ya mgawo.

Spana_Kumi

Basi umeshaokoa hela ya boksi. Presha hakuna. Pampu nzima inapaswa kutoa mkondo mnene unaoruka tangu sekunde ya kwanza. Ukipata geji yenye kiungo cha T, pikipiki za daraja hili husoma kati ya kPa 250 na 350, yaani psi 36 mpaka 51. Namba kamili iko kwenye kitabu chake.

Usikimbilie pampu mpya. Ukute haijafa, inanyongwa au inavuja ndani kwa ndani. Chomoa betri, toa mafuta, shusha tangi, geuza, legeza boliti za sahani ya pampu kwa mtindo wa msalaba. Ukishaitoa tazama vitu vitatu:

Soksi ya chini, kile kichujio cha wavu. Mafuta ya chupa na tangi linalokaa tupu ndiyo maadui zake: unyevu unafanya kutu juu ya usawa wa mafuta, kutu inashuka, wavu unaziba. Kupanda mlima bila nguvu kabla ya kugoma ni dalili yake hasa. Ikiwa imekuwa kahawia na ngumu, nunua mpya. Ukiipuliza kwa kompresa unaitoboa.

Mpira mfupi unaounganisha pampu na mdomo wa kutokea, kwa zile zenye mpira. Ukipasuka, au klipu ikilegea, pampu inalia vizuri huku mafuta yote yanarudi tangini. Nje huoni tone. Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea: wanaweka mpira wa kawaida wa petroli, hata ule mzuri wa injekta wenye maandishi 30R9. Huo umetengenezwa mafuta yapite ndani, si kuzama mzima. Unavimba, unalainika, unachomoka. Wa kuzama ndani ya tangi unaandikwa 30R10. Ni ghali, lakini unahitaji kipande kifupi tu.

Tatu, oringi ya sahani. Ikishavimba hairudi, weka mpya.

Dada_Nozeli

Yale mafuta uliyoyatoa usiyarudishe kabla ya kuyapima. Yaweke kwenye chupa inayoonyesha ndani dakika 15: maji yanakaa chini na mstari unaonekana. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka bila alama, iliyochakachuliwa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta.

Na kwa kuwa uchafu ulifika kwenye soksi, injekta usiiamini moja kwa moja. Kupiga mapigo si kunyunyiza. Itoe, irudishie mpira wake, ielekeze kwenye chombo. Mnyunyizo uwe wa ukungu wenye umbo la koni, sio mshale mmoja. Ikihitaji kusafishwa kwa kisafisha kabureta, iguse na betri kwa mapigo mafupi. Ukiishikilia kwenye volti 12 mfululizo, koili yake ndogo inaungua.

Ukifunga kila kitu, kabla ya staata fungua swichi, subiri pampu ikate, funga. Rudia mara tatu au nne ili hewa itoke kwenye mpira na presha ipande, huku unachungulia kwa tochi kuzunguka sahani ya pampu na kiungo cha injekta. Unyevu wowote pale, hata wa jasho, rudi ufungue.