Tupeane uzoefu: tramu na treni za mijini zilizozeeka, na mipango ya kuzibadilisha

Ndugu wana-Lubumbashi, mlioko nyumbani na mlioko ugenini, salamu kwenu nyote.

Mji wetu na reli ni mapacha: mwaka 1910, viwanja vilipokuwa vikipimwa, ndipo reli ya kutoka kusini ilipofika hapa kupitia Sakania, na hata leo si rahisi kupata familia ya mtaa wa Makomeno isiyo na babu au mjomba aliyekula mshahara wa reli. Lakini anayetoka Ruashi au Katuba asubuhi kwenda mjini hutegemea basi dogo au teksi, na kila yanapozuka mazungumzo ya treni ya mjini, watu huuliza bei yake na siku ya kuzinduliwa. Mimi ningependa tuulize la mbele zaidi: baada ya miaka kumi, thelathini au hamsini, magari yale huwa katika hali gani, na ni kitu gani hasa huyafanya yaondolewe? Aliyewahi kuyapanda au kuyatengeneza atueleze aliyoyaona. Siasa za reli tuziachie uzi mwingine.

Mwanachama aliye Bruxelles

Kwa miaka mingi nimesafiri kwa tramu za PCC (aina ya tramu ya muundo wa Kimarekani) za mfululizo wa 7700, zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo gari linalonibeba ni mkubwa wangu kwa umri. Uzee wake unauona kwanza mlangoni, kwa sababu sakafu iko juu na lazima upande ngazi. Mama mwenye kigari cha mtoto husimama pale chini akitazama watu, mpaka abiria wawili wamshikie magurudumu ya mbele. Uzee wa pili unausikia. Njia ikiwa na utelezi wa mvua au majani makavu, dereva akishika breki ghafla, gurudumu linaweza kuburuzika bila kuzunguka, likasagika upande mmoja. Kuanzia hapo utasikia ta-ta-ta chini ya kiti chako mpaka gari lirudi karakana na gurudumu lichongwe kwa mashine liwe duara tena. Ndiyo maana tramu hubeba mchanga, ambao humwagwa kidogo kidogo mbele ya gurudumu ili lipate kushika.

Hata hivyo magari haya yanakwenda. Ndugu zake wakubwa wa mfululizo wa 7000, walioanza kazi mwaka 1951, walistaafu mwaka 2010 tu. Mwaka 2018 mji uliagiza tramu mpya kwa kampuni ya Bombardier, ambayo kitengo chake cha treni baadaye kilinunuliwa na Alstom, na tofauti kubwa kwa abiria ni kwamba sakafu ya tramu hizo iko chini, kwa hiyo yule mama hahitaji tena kusaidiwa.

Mwanachama mfanyabiashara, Kamalondo

Mimi safari zangu za mizigo hupitia Addis Ababa, na nikilala huko hupenda kutazama treni yao nyepesi pale kwenye uwanja wa Meskel, ambapo njia mbili za mji huungana na kutumia reli moja juu ya madaraja ya zege. Ilizinduliwa Septemba 2015 ikiwa na treni 41 kutoka China. Watu walisifu sana, na walikuwa na haki, kwa sababu nauli ilikuwa ndogo. Lakini haikupita hata miaka kumi, sehemu kubwa ya treni hizo zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri, kwa kuwa vipuri vinatoka nje na hununuliwa kwa fedha za kigeni, ambazo zilikuwa adimu nchini.

Mwanzisha uzi

Hapa naomba nisimame kidogo. Yaya, yaani ndugu yetu mkubwa, wa Kamalondo anatuonyesha treni iliyozeeka kabla ya kutimiza miaka kumi, na mukubwa wa Bruxelles anatuonyesha nyingine ya miaka hamsini inayochapa kazi. Basi umri ulioandikwa kwenye kibati cha kiwanda hautuambii mengi. Kwa maoni yangu, mradi unaotaja idadi ya magari bila kutaja mashine ya kuchonga magurudumu, ghala la vipuri na mafundi watakaolipwa, haujakamilika hata kama magari yake yanang'aa.

Kijana wa Kampemba

Wakubwa, samahani kwa swali langu. Ikiwa Bruxelles wanaziondoa tramu ambazo bado zinatembea, kwa nini zisiletwe Lubumbashi, kama tunavyoletewa magari ya mtumba?

Fundi mstaafu wa reli

Swali lako si la kuombea samahani, mwanangu. Kizuizi cha kwanza ni upana wa njia: reli ya Bruxelles, na hata ile ya Addis Ababa, ina milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, na yetu ina 1,067. Cha pili ni umeme. Katanga ilianza treni za umeme mwaka 1952 kati ya Jadotville, yaani Likasi, na Tenke, kwa umeme wa zaidi ya volti 20,000, wakati tramu nyingi hutumia volti 600 au 750 za mkondo mnyoofu. Kwa hiyo ungelazimika kujenga njia yake, nyaya zake na vituo vyake vya umeme, ili upate gari ambalo kiwanda chake hakitengenezi tena vipuri.

Na vipuri vikikosekana, najua kinachofuata, kwa maana nimekifanya kwa mikono yangu mahali nisipopataja. Unafungua mota ya gari lililolala ili uliponye linalotembea, na mwezi unaofuata unarudi palepale kufungua kompresa. Ubao wa ofisini unaendelea kuandika magari mawili, lakini fundi anajua ana moja.

Mwanachama aliye Johannesburg

Naongeza neno fupi, kwa sababu huku reli ni ya milimita 1,067 kama ya kwetu. Treni za zamani za rangi ya manjano, ambazo muundo wake ni wa miaka ya 1950, zinaachia nafasi treni za bluu za mkataba wa treni 600 uliotiwa saini mwaka 2013. Ishirini za kwanza ziliundwa Brazili, na zinazofuata zinaundwa Dunnottar, mashariki ya mji. Ila mwaka 2020, wakati wa karantini, wezi walikata nyaya na kubomoa stesheni, hata treni mpya zikawa tayari huku njia za kuzipitisha hazipo.

Mwanzisha uzi

Bado tunawasubiri mliosoma Tunis, ambako metro nyepesi ilianza mwaka 1985 na magari ya Siemens, kisha kuanzia mwaka 2007 yakaongezwa ya Alstom. Fundi wetu angependa kujua kama karakana zao zinatunza ghala mbili za vipuri, na ni lipi kati ya hayo mawili ambalo abiria huliona limesimama mara nyingi zaidi.