CD4 za mama mdogo zimeshuka baada ya UVIKO-19: je, dawa zimeacha kufanya kazi?

Mjukuu wa Uporoto (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Uyole na mama yangu mdogo, mwenye miaka 52, ambaye ametumia dawa za kufubaza makali ya VVU kwa miaka 11 bila kukosa hata dozi moja ninayoijua. Mwishoni mwa Juni, katika baridi hii yetu, alishikwa na homa, kikohozi kikavu na uchovu uliomfanya ashindwe hata kumenya viazi, na kipimo cha pua kikaonyesha kuwa ana UVIKO-19. Hakulazwa. Siku ya tano ya ugonjwa alipimwa pia CD4, yaani seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, katika kituo kimoja cha afya, ikatoka 310, ilhali kipimo kilichotangulia kwenye kadi yake ni 560. Aliyempa majibu alimwambia, wagonjwa wengine wakiwa wamekaa benchi lile lile, kwamba kinga yake imeporomoka. Tangu hapo hana raha.

Kuna na jambo la pili. Jirani alimshauri kwamba dawa za VVU zinaua virusi vya korona pia, na kwamba yeye kwa macho yake amemwona mtu anayepewa kidonge cha ziada kliniki. Mama mdogo akaanza kumeza viwili, kimoja asubuhi na kimoja usiku. Niligundua Jumapili, nilipomwaga chupa mezani na kuhesabu: vidonge vilikuwa pungufu kwa 6, na tarehe yake ya kurudi CTC, kliniki anakochukulia dawa, bado wiki tano. Sasa anaona aibu kwenda kusema. Naomba ushauri wenu: je, dawa zimemshinda, na tufanyeje kuhusu vidonge?

Muuguzi Mstaafu (Iringa)

Kamwene, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na vidonge, kwa sababu hilo ndilo lenye haraka. Arudi leo kwenye kidonge kimoja kwa siku, saa ile ile aliyoizoea, na aende CTC wiki hii aseme ukweli. Wakimjazia hivyo 6, hakuna kilichoharibika. Akinyamaza, atakaa siku 6 bila dawa kabla ya tarehe yake, na pengo hilo ndilo linalowapa virusi nafasi ya kuzaliana upya.

Jirani hakudanganya kuhusu alichokiona, ila alikielewa vibaya. Kidonge ambacho wengi wetu wanatumia tangu mwaka 2019 na 2020 kina dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mgonjwa wa VVU anayetibiwa pia kifua kikuu kwa rifampicin huongezewa dolutegravir peke yake, saa 12 baada ya dozi ya kawaida, kwa kuwa rifampicin huifanya ini iiondoe dawa hiyo mwilini upesi. Hilo halihusiani na korona hata kidogo. Mama mdogo wako, kwa kurudia kidonge kizima, alikuwa anajiongezea na tenofovir, ambayo figo ndizo zinazobeba mzigo wake, kwa hiyo asisahau kuwaeleza ni siku ngapi alifanya hivyo. Wanaweza kuona haja ya kuangalia figo.

Na ile habari ya dawa za VVU kutibu korona ilikuwa na chanzo. Mwaka 2020 watafiti walijaribu kwa dhati lopinavir pamoja na ritonavir, dawa mbili za VVU za zamani kidogo, kwa wagonjwa waliolazwa. Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY halikuona kwamba zinaokoa maisha, na Shirika la Afya Duniani likaziondoa dawa hizo katika jaribio lake mwezi Julai mwaka huo huo. Majibu yalitoka, lakini uvumi ulikuwa umeshapanda basi na kufika Uyole.

Mkaa na Hadubini (Mbeya)

Nifanyaye kazi maabara nitazungumzia ile 310, maana namba hiyo imemtisha mtu bila sababu. UVIKO-19, hata kwa mtu asiye na VVU, hupunguza seli nyeupe aina ya limfosaiti katika damu inayozunguka wakati wa homa, na CD4 ni sehemu ya seli hizo. Nyingine hufa, nyingine huhamia kwenye mapafu na tezi kunako mapambano. Ukichukua damu siku ya tano ya ugonjwa, unahesabu askari waliobaki kambini wakati wenzao wako vitani. Ndiyo maana tunapenda kuangalia pia asilimia ya CD4 kati ya limfosaiti zote: ikiwa idadi imeshuka na asilimia imebaki pale pale, mara nyingi ni ugonjwa wa muda tu unaosababisha.

Hata bila ugonjwa, CD4 hupanda na kushuka ndani ya siku moja, kwa kawaida ikiwa chini asubuhi na juu jioni. Ulizeni kipimo cha wingi wa virusi kilichofanyika karibuni kinasemaje. Ikiwa viko chini ya nakala 50 kwa mililita, dawa zinafanya kazi yake, iwe CD4 ni 310 au 560. CD4 irudiwe akishapona kabisa, na ikiwezekana katika maabara ile ile.

Nakiri kwamba majibu ya aina hii hayakupaswa kutolewa benchini.

Mama wa Chai (Mufindi)

Mimi ni mmoja wa WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, na niliugua korona mwaka 2021, kabla chanjo haijafika kwetu. Nilikohoa wiki tatu nikilala kwa kukaa, mto mgongoni. Nilipotimiza wiki mbili za kikohozi walinipima makohozi kwa kifua kikuu, jambo ambalo nakuomba usilipuuze kwa mama mdogo wako, kwani hapa kwetu mtu akikohoa siku hizi husema "ni korona tu" na kifua kikuu kinaendelea kumla taratibu.

Chanjo ya Janssen ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, wenye magonjwa sugu na waliozidi miaka 50 tulipewa nafasi ya mwanzo. Nilichanjwa, mkono ukauma siku mbili, basi. Je, mama mdogo alichanjwa?

Kijana wa Mpakani (Tunduma)

Samahani kwa kuuliza jambo ambalo huenda likawaudhi wengine. Nimesoma kwamba wenye VVU hufa zaidi kwa korona, na kwamba virusi vya korona hukaa ndani yao miezi mingi vikijibadilisha. Kama ni kweli, mbona mnamtuliza huyu ndugu?

Muuguzi Mstaafu (Iringa)

Swali ni halali, na katika mikoa hii linatuhusu kuliko wengine: katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4.

Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani, mwezi Julai 2021, lilitoa taarifa ya wagonjwa waliolazwa katika nchi 24, ikionyesha kuwa hatari ya kuugua vibaya au kufa ilizidi kwa takriban asilimia 30 kwa wenye VVU. Lakini hatari hiyo haigawanyiki sawasawa. Mwenye CD4 chini ya 200, au ambaye hayuko kwenye dawa, ndiye anayebeba sehemu kubwa, na pia kwake chanjo huamsha kingamwili kidogo, kwa kuwa CD4 ndizo zinazoziamrisha seli nyingine kuzitengeneza. Aliyefubaza virusi na kinga yake ikajijenga huitikia chanjo karibu sawa na mtu mwingine yeyote.

Kuhusu virusi kukaa muda mrefu, mfano ninaoukumbuka ni wa Afrika Kusini, wa binti wa miaka 22 aliyekuwa na VVU visivyodhibitiwa na akakaa na korona miezi 9. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walihesabu mabadiliko yasiyopungua 21 katika kirusi hicho. Alipoanza kutumia vizuri dawa zenye dolutegravir, mwili wake ukakifuta ndani ya wiki 6 hadi 9. Hakuongezewa dawa ya korona. Ni kinga yake mwenyewe iliyorudi kazini. Kwa hiyo simtulizi ndugu yetu kwa maneno matupu: kidonge kimoja cha kila usiku ndicho ninachokitegemea.

Mjukuu wa Uporoto (Mbeya)

Nawashukuru sana, ndaga fijo. Tulikwenda Alhamisi. Nilimsomea maelezo ya mtaalamu wa maabara tukiwa kwenye daladala, kwa sauti ya chini, naye akaniuliza mara mbili habari ya askari walioko vitani. Wamempa vidonge vya kufidia, wamechukua damu ya figo na makohozi, na wamesema CD4 itarudiwa mwishoni mwa Agosti. Wingi wa virusi wa mwezi Machi ulikuwa chini ya 50. Karatasi ilikuwa kwenye faili lake muda wote. Mama wa Chai, hakuwahi kuchanjwa. Amesema atauliza siku ya kuchukua majibu.