Naomba ushauri: kupita farasi tukiwa kwenye baiskeli

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi ujao tuko wanane, tutaendesha baiskeli maili 50 kwenye mashamba ya Waamish (Wakristo wanaosafiri kwa vigari vya farasi badala ya magari), Lancaster, Pennsylvania, Marekani, kupitia Strasburg na Bird-in-Hand. Vilima nimeshavifanyia mazoezi, tairi na breki nimebadilisha. Kinachonitia hofu ni farasi. Juzi nilipojaribu njia peke yangu, nilikuta kigari chao cha farasi chenye ile pembetatu ya rangi ya chungwa nyuma, ya kuonya kuwa kinakwenda polepole. Nilipokipita, farasi alishtuka akasogea katikati ya barabara. Ndani mlikuwa na watoto! Mpaka leo roho inaniuma.

Kwa kundi la watu wanane, tupige kengele au tuite kwa sauti tangu mbali? Na kwa kuwa siku ya safari ni Jumapili, maduka ya Waamish yatakuwa yamefungwa, maji tujaze wapi? Natanguliza shukrani.