Madoa ya dawa ya tairi kwenye rangi nyeupe: spiriti, mafuta ya taa au kompaundi?

Mkazi wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nina IST nyeupe. Vijana wakimaliza kuosha wanapaka tairi dawa ya kung'arisha, nami naondoka hapo hapo kwenda kazini Mtumba. Nikifika, nyuma ya kila gurudumu kuna vidoa vya kahawia, vimeanzia kwenye madigadi vikashuka hadi ukingo wa chini wa mlango, na vumbi letu limeshavishika. Sabuni ya gari inatoa vipya, vya zamani vimegoma. Mmoja kaniambia spiriti, mwingine mafuta ya taa, mwingine nipige kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, moja kwa moja. Yupo hata aliyesema tina, ile ya kuchanganyia rangi. Kipi kinatoa doa bila kuharibu rangi?

Dereva Ihumwa
Spiriti mkuu. Chukua ya duka la dawa na kitambaa safi, unafuta unaenda zako. Gari la ofisi ninaloendesha ni jeupe na ndiyo ninayotumia.

Fundi Rangi Chang'ombe
Ndugu yangu wa Ihumwa, spiriti inasaidia doa likiwa bichi. Ila dawa nyingi za tairi za bei ya chini ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na viyeyushi vya petroli, na silikoni haiyeyuki vizuri kwenye spiriti. Utafuta, bodi itang'aa, kesho vumbi litakuonyesha kwamba utando ulisambaa tu. Mafuta ya taa ni ya jamii moja na hivyo viyeyushi, kwa hiyo yanaukata kweli. Kati ya hivyo viwili mimi nasimama na mafuta ya taa.

Fanya jioni. Weka kiganja kwenye bodi. Ukishindwa kukiacha hapo kwa joto, subiri ipoe. Mwagia maji mengi kwanza, maana vumbi la Dodoma lina mchanga, na ukilisugua kavu unaacha mikwaruzo usiyoiona mchana, ila ukiingia sheli usiku chini ya zile taa utaiona yote. Kausha. Chovya kitambaa laini, kamua kisidondoke, kandamiza juu ya doa kidogo ndipo ufute kuelekea upande mmoja. Kitambaa kikitoka na kahawia, geuza upande safi, rudia. Usiguse tairi wala raba za milango, mafuta ya taa yanavimbisha mpira. Mwisho osha na sabuni ya gari mara mbili, kwa sababu nayo yanaacha utando unaovuta vumbi. Nta yote itakuwa imeondoka hapo, kwa hiyo paka upya.

Tina hapana. Inalainisha rangi, hasa iliyopulizwa mtaani, na ikigusa taa za mbele plastiki inaweka nyufa ndogo ndogo na kufifia. Petroli nayo iache, inashika moto haraka mno.

Mama Junior Kisasa
Fundi shikamoo. Noah yangu nimeifanya hivyo hivyo, vidoa vimetoka isipokuwa alama za njano karibu na gurudumu la nyuma. Kitambaa kinatoka cheupe kabisa lakini njano ipo pale pale. Niendelee?

Fundi Rangi Chang'ombe
Marahaba dada. Usiendelee. Kitambaa kikitoka cheupe ujue juu ya rangi hakuna kitu tena, doa limeingia ndani. Kwenye mpira wa tairi viwanda huweka kemikali ya kuzuia ozoni isiupasue. Kemikali hiyo hupanda taratibu mpaka juu na kugeuka kahawia, ndiyo ile rangi ya udongo unayoiona ubavuni mwa tairi hata likioshwa. Dawa yenye petroli inaiyeyusha, gurudumu likizunguka inarushwa kwenye bodi.

Hapo sasa ndipo kompaundi inapoingia, na siyo kabla. Yenyewe haiyeyushi doa, inakwangua rangi, na kila ukipiga umepunguza. Tumia iliyo laini kabisa, kwa mkono, eneo la kiganja tu, na kwenye mikunjo pita juu juu kwa sababu rangi pale ni nyembamba. Kitambaa kikishika weupe wa rangi, ujue rangi yako haina klia, ule utando angavu wa juu. Toyota nyingi nyeupe za zamani, namba ya rangi 040, ziko hivyo; tazama kibati cha gari, mstari wa C/TR, ndipo namba hiyo huandikwa. Siyo ubovu, ila ujue unakwangua rangi yenyewe, kwa hiyo njano ikipungua kiasi cha kuridhisha, acha.

Msafiri wa Singida
Mmeisahau dawa ya kutoa lami, ipo maduka ya spea. Kazi ni ile ile ya mafuta ya taa, ila nyingi zinasuuzika kwa maji kirahisi. Bei ndiyo iko juu. Kwa sisi tunaokula lami kila wiki inalipa.

Mwosha Magari Area C
Wadau, mimi ni wa upande wa pili. Tairi lisuguliwe kwa brashi na sabuni mpaka povu litoke jeupe. Likiwa bado kahawia, dawa haishiki, itaruka tu. Dawa ipakwe kwa sponji, isipuliziwe. Iachwe dakika kumi na tano, kisha ziada ifutwe kwa kitambaa kikavu. Na ombeni ile ya maji, mara nyingi ni nyeupe ya maziwa. Ile angavu inayoteleza ndiyo inayowarukia. Mseme kabla hatujaanza, tutawasikiliza.

Dereva Ihumwa
Sawa fundi, nimekuelewa. Kwa hiyo spiriti haina kazi?

Fundi Rangi Chang'ombe
Inayo. Ukishatoa mafuta ya taa kwa sabuni, futa kwa spiriti kabla ya kupaka nta. Na mtu akileta gari kupulizwa rangi aniambie kama dawa ya tairi ilirukia hapo, kwa sababu silikoni ikibaki rangi mpya inajitenga na kuacha vishimo vya duara, na hapo ni kukwangua yote na kuanza upya.